Thamani ya Pesa katika Baiskeli za Milimani za Bei ya Juu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Malindi

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa watu wanaoniletea baiskeli zao nizikague hapa Malindi, na kutoka kwa wale wanaonipigia simu kabla ya kununua, ambao huwa nafurahi zaidi kuwasikia kwa kuwa kabla ya malipo bado kuna la kuokoa. Siwakilishi kampuni yoyote wala duka lolote. Ninachokijua zaidi ni namna baiskeli hizi zinavyoishi katika chumvi na mchanga wetu, na kwa hilo majibu mengine yamekuwa marefu kuliko mengine.

Nipime kwa kigezo gani ninaposema kwamba baiskeli ina thamani ya pesa yake?

Pima kwa gharama ya miaka mitano, si kwa bei ya siku ya kununua. Chukua kiasi ulicholipa pamoja na usafiri na ushuru, ongeza matengenezo yote ya muda huo, kisha uondoe kiasi unachotarajia kupata utakapoiuza. Kinachobaki ndicho ulichokitumia hasa, nacho ukigawanye kwa siku ulizoiendesha. Kwa mfano wa hesabu tu, chukulia baiskeli ya dola 2,500 inayokula dola 300 za matengenezo kila mwaka na kuuzwa kwa dola 900 mwishoni. Itakuwa imekugharimu dola 3,100, yaani dola 620 kwa mwaka. Chukulia nyingine ya dola 7,000, inayokula dola 700 kwa mwaka na kuuzwa kwa dola 2,000: hiyo imekugharimu dola 8,500, yaani dola 1,700 kwa mwaka. Mtu anayetoka mara 100 kwa mwaka analipa dola 6 na senti 20 kwa kila safari akiwa na ya kwanza, na dola 17 akiwa na ya pili.

Sasa jiulize ni kitu gani kilichomo katika ile ya pili ambacho utakihisi kila unapotoka, katika njia unazozipita wewe, kiasi cha kustahili hizo dola 10 na ushei. Wapo watu wenye jibu la kweli kwa swali hilo, hasa wanaoshindana au wanaosafiri mara kwa mara kwenda kwenye milima yenye mawe na miteremko mikali. Kwa wengi wetu wa hapa, safari zetu ni za Casuarina, Mambrui, Marafa na njia za msitu wa Arabuko-Sokoke, na jibu hubadilika mtu akiandika hesabu yake kwenye karatasi.

Kama vipuri ni vya kampuni zilezile, tofauti ya bei kati ya jina na jina inatoka wapi?

Ni kweli kwamba karibu baiskeli zote za daraja hili hubeba vipuri vya viwanda vichache. Gia na breki kwa kawaida ni za Shimano ya Japani au SRAM ya Marekani, na foki pamoja na shoki ya nyuma ni za Fox au za RockShox, ambayo yenyewe ni mali ya SRAM. Kwa hiyo unapolinganisha Santa Cruz na Giant zenye foki ileile na gia zilezile, unachokilinganisha hasa ni fremu, rimu, dhamana na jina.

Hata fremu zina undugu ambao wanunuzi wengi hawaujui. Giant na Merida zote mbili zilianzishwa Taiwan mwaka 1972. Giant ilijijenga kwa kutengenezea kampuni nyingine baiskeli, ikiwemo Schwinn ya Marekani, na Merida ina hisa katika Specialized tangu 2001. Kampuni inayomiliki kiwanda haimlipi mtu mwingine faida ya kiwanda, na ndiyo maana Giant huweza kuweka foki nzuri zaidi katika bei ambayo wengine wanaweka foki ya kawaida.

Jambo jingine ni hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuutumia uvumbuzi wake peke yake. Mpangilio wa viungo vya nyuma unaoitwa kiungo cha Horst, unaotenganisha breki na mwendo wa shoki, ulikuwa chini ya hataza ya Specialized nchini Marekani hadi mwaka 2013. Baada ya hapo kila kampuni ikawa huru kuutumia, na leo baiskeli ya bei ya wastani ina mpangilio ambao zamani ulikuwa wa kulipia. Muuzaji anayekuambia kwamba mpangilio wa aina hiyo peke yake ndio sababu ya bei kubwa anakuuzia habari iliyopitwa na wakati.

Kinachobaki katika tofauti ya bei ni uhandisi wa kweli wa vipimo vya fremu, timu za mashindano, matangazo, faida ya msambazaji na faida ya duka. Cha kwanza unakihisi barabarani, lakini vinne vya mwisho huvihisi hata kidogo.

Ndani ya kampuni moja kuna modeli ya chini, ya kati na ya juu. Niishie wapi?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na ndipo ningependa msomaji asimame zaidi. Jina moja la modeli, kwa mfano Stumpjumper ya Specialized, huuzwa kwa bei nyingi, kuanzia fremu ya alumini yenye gia za kawaida hadi ile ya daraja la juu kabisa ambayo bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kwanza. Umbo la fremu linakaribiana sana. Kinachopanda zaidi ni wepesi.

Chukua kaseti ya Shimano, yaani lile rundo la gia za gurudumu la nyuma, yenye gia 12 na meno 10 hadi 51. Huuzwa kwa madaraja, na Deore iko chini ya XT, nayo XT chini ya XTR. Ile ya Deore ina uzito wa gramu 590 hivi, ya XT gramu 470, na ya XTR gramu 370. Kati ya Deore na XTR kuna gramu 220, ambazo ni pungufu ya glasi moja ya maji, ilhali bei ya XTR ni mara kadhaa ya bei ya Deore. Tena meno makubwa ya XTR yametengenezwa kwa titani na alumini kwa ajili ya wepesi, na ya Deore ni ya chuma kwa sehemu kubwa, na chuma kwenye mchanga mwekundu wa Magarini hulika polepole kuliko alumini. Katika jambo hili, kitu cha bei ya chini ndicho kinachokaa muda mrefu zaidi hapa kwetu. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, lakini Deore haikutengenezwa kwa urahisi wa aina hiyo. Tangu toleo la gia 12 lilipotoka mwaka 2020 nimeona wachache sana waliopata sababu ya kulilalamikia.

Foki ni hadithi tofauti kidogo. Foki za Fox za daraja la Factory zina nguzo za rangi ya dhahabu zilizopakwa utando uitwao Kashima, na watu huzitambua kwa mbali. Daraja linalofuata chini yake, Performance Elite, kwa miaka mingi limekuja na mfumo uleule wa ndani wa kudhibiti mwendo, ila nguzo zake ni nyeusi. Mtu anayelipia Factory kwa kiasi kikubwa analipia rangi na mteremko mwororo kidogo wa nguzo. Lakini ukishuka zaidi, hadi foki za chini kabisa za RockShox kama Judy na Recon, unapoteza kitu unachokihisi mikononi: mfumo wa ndani wa foki hizo ni wa kawaida tu na hautulizi vizuri mishtuko inayofuatana, na ukiteremka njia yenye mizizi mikono huchoka kabla ya miguu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni modeli ya katikati, yenye fremu nzuri, foki ya daraja la kati au juu kidogo ya kati, na gia za Deore au SLX, daraja lililo kati ya Deore na XT. Ukiona baiskeli ambayo muuzaji ameweka kihamisha gia cha XT mahali panapoonekana, kisha kaseti, mnyororo, breki na foki vikawa vya daraja la chini, ujue kwamba kipuri kimoja kimewekwa ili kupendeza macho. Soma orodha yote ya vipuri, mstari kwa mstari.

Kaboni au alumini kwa mtu wa pwani?

Watu hufikiri kaboni ni jibu la chumvi kwa kuwa haishiki kutu. Nyuzi zenyewe hazishiki kutu, hilo ni kweli. Tatizo ni kwamba ndani ya fremu ya kaboni kuna vipande vya alumini vinavyobeba beringi, nyuzi za boliti na ekseli, na alumini ikigusana na kaboni mahali penye maji ya chumvi huliwa kwa haraka, kwa sababu vitu viwili vinavyopitisha umeme, vyenye tabia tofauti, vikiwa ndani ya chumvi huwa kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Nimeona bomba la kiti la alumini lililogandamana ndani ya fremu ya kaboni kiasi kwamba halikutoka tena. Mwenye baiskeli alikuwa hajalitoa wala kulipaka ile pasti maalumu ya kaboni kwa miaka miwili.

Fremu ya alumini nayo huchubuka rangi na kuota unga mweupe kwenye mkwaruzo, lakini unga huo unauona, na unaweza kuusugua na kupaka rangi. Ufa kwenye alumini nao huonekana kwa kawaida, tofauti na ufa ulio katikati ya tabaka za kaboni. Kwa thamani ya pesa Malindi nachagua alumini, isipokuwa kwa mtu anayeshindana.

Je, nahitaji shoki ya nyuma kwa njia za huku?

Kwa njia za Malindi peke yake, hapana. Nchi yetu ni tambarare kwa sehemu kubwa, na kinachotusumbua ni mchanga, mawe ya matumbawe yaliyochomoza na miiba. Baiskeli yenye foki ya mbele tu, rimu za inchi 29 na tairi za upana wa inchi 2.4 au zaidi zenye upepo kidogo inatosha hadi Marafa na kurudi, na kwa pesa ileile unapata vipuri vya daraja moja au mawili juu zaidi. Shoki ya nyuma na viungo vyake hupandisha bei ya kununua, kisha hupandisha bei ya kuimiliki.

Nieleze maana ya maneno hayo ya mwisho. Kijana mmoja aliniletea baiskeli nzuri sana yenye shoki mbili, ya kampuni ambayo jina lake linajulikana duniani, akilalamika kwamba nyuma inacheza. Alikuwa ameinunua kwa mgeni aliyekuwa anarejea kwao. Alikuwa akiipeleka ufukweni Mambrui wakati maji yamekupwa, kisha akirudi mjini huipitisha mahali wanapoosha magari na kuipiga kwa mpira wa maji yenye nguvu. Nilipofungua boliti ya kiungo cha chini, kile kilicho karibu na pedeli, yalitoka matone ya maji yenye rangi ya chai ya mkandaa. Beringi ilikataa kutoka. Nilipoivuta kwa boliti ndefu na soketi, ganda la nje lilibaki ndani ya fremu na gololi zikamwagika mezani, kila moja nyeusi na yenye vishimo kama mbegu ya mpapai iliyokauka. Katika baiskeli ile kulikuwa na beringi nane za namna hiyo, na sita tulizitupa. Maji yenye nguvu ndiyo yaliyozimaliza, kwa sababu yanasukuma chumvi kupita mpira wa kuzibia na hayana njia ya kutokea. Ndoo moja ya maji matamu, kitambaa na dakika kumi zingemwokolea yote hayo.

Kama bado unaitaka shoki ya nyuma, na mtu anayekwenda Taita au Mlima Kenya mara nne au tano kwa mwaka ana haki ya kuitaka, basi uliza kwanza namba za beringi. Kampuni inayotumia saizi za kawaida za viwandani, kwa mfano 6902, imekurahisishia maisha, kwa kuwa beringi hiyo hutumika katika mashine nyingi na unaweza kuipata Mombasa kwa wauza beringi. Ila ujue kwamba beringi za viungo kwa kawaida hujazwa gololi pande zote bila kitenganishi, ili zibebe mzigo bila kuzunguka sana. Ile ya kawaida ya dukani ina gololi chache, itafanya kazi, lakini itakufa mapema zaidi. Santa Cruz huwapa wamiliki wa kwanza beringi za viungo bure maisha yote ya fremu. Kwa mtu wa pwani hiyo ni ahadi nzito, ingawa gharama ya kuzisafirisha hadi huku isisahaulike.

Baiskeli ya bei ghali haishiki kutu?

Inashika. Mnyororo wa dola 80 na mnyororo wa dola 25 vyote ni chuma, na upepo wa kusi hauulizi bei.

Gia zisizo na waya zina thamani?

Gia za SRAM zinazoendeshwa kwa betri ni kazi nzuri ya uhandisi, na mfumo wao wa mwaka 2023, unaoitwa Transmission, unafungwa moja kwa moja kwenye fremu bila lile sikio la alumini linaloshikilia kihamisha gia, hivyo hauhitaji marekebisho mengi na hupokea kishindo vizuri. Siubezi hata kidogo. Lakini kihamisha gia chake kikivunjika kwenye jiwe la matumbawe, hasara ni mamia ya dola na kipuri hakipo Malindi, ilhali waya wa gia ukikatika, fundi yeyote wa Barani au Maweni atakubadilishia papo hapo kwa shilingi chache. Kwa kipimo cha miaka mitano, waya unashinda.

Kwa mtu anayetumia baiskeli kila siku na hataki kuhangaika, ningemtajia pia gia za CUES za Shimano, zilizoanza kuuzwa mwaka 2023. Zilitengenezwa makusudi kwa ajili ya uimara kuliko wepesi, meno yake ni manene, na kaseti zake huingia kwenye habu za kawaida ambazo zimezoeleka, tofauti na kaseti za meno 10 hadi 51 zinazohitaji habu maalumu. Modeli za bei ya juu ni nadra kuja nazo, na mimi naona ni hasara kwetu.

Kwa breki, nichague Shimano au SRAM?

Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM hutumia mafuta ya DOT, yale ya gari, ingawa Maven zilizotoka 2024 zinatumia ya madini. Tofauti yake kwetu ni kubwa kuliko kwa mtu wa Nairobi, kwa sababu mafuta ya DOT hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevu karibu mwaka mzima. Mafuta yaliyonyonya maji huchemka mapema kwenye mteremko mrefu na hula sehemu za ndani, kwa hiyo yabadilishwe angalau mara moja kwa mwaka.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba DOT 4 inauzwa katika kila duka la vipuri vya magari, na breki za SRAM zinazotaka DOT 5.1 huipokea bila shida, wakati mafuta ya madini huna budi kuyaagiza. Lakini chupa moja ya mafuta ya madini inakaa kabatini muda mrefu bila kuharibika. Mimi huchagua Shimano. Lolote utakalochagua, usichanganye mafuta hayo mawili hata tone, kwa maana mipira ya ndani huvimba na breki yote hufa.

Kati ya majina makubwa, ni lipi linalostahili pesa yake?

Nitajibu kwa uwazi, nikijua kwamba kila mwenye baiskeli huipenda yake. Kwa mtu anayenunua mpya na anayehesabu, naziweka mbele Giant na Merida, kwa sababu ya viwanda vyao, na Canyon ya Koblenz nchini Ujerumani, ambayo huuza moja kwa moja kwa mteja bila duka katikati. Watu wa Ulaya hulalamika kwamba ukinunua Canyon huna duka la kukuhudumia jirani. Sisi tayari hatuna, maana maduka makubwa ya baiskeli za aina hii yako Nairobi, kwa hiyo tunachokipoteza ni kidogo na tunachokiokoa ni kilekile.

Trek na Specialized ziko katikati. Modeli zao za alumini ni nzuri sana na huuzika tena kwa haraka kwa kuwa kila mtu anazijua, jambo ambalo katika hesabu ya miaka mitano ni pesa taslimu. Modeli zao za juu kabisa, zile zinazopita dola 10,000, sioni hoja ya kuzitetea kwa mtu asiyelipwa kuendesha.

Santa Cruz, Yeti, Pivot na Ibis ni majina ya Marekani yanayotengeneza baiskeli chache zaidi na kuzitoza zaidi. Ufundi wao ni wa kweli: fremu zimekamilika vizuri, waya zimepitishwa kwa utaratibu, viungo vimefungwa kwa boliti unazoweza kuzifikia. Thamani yao huonekana zaidi kwa mtu atakayekaa na fremu moja miaka minane au kumi na kubadilisha vipuri taratibu. Anayebadilisha baiskeli kila baada ya miaka miwili atakuwa amelipia uimara ambao ataufaidi mwingine.

Dhamana ya maisha ina maana gani kwetu?

Kwanza, ni ya mnunuzi wa kwanza. Santa Cruz hutoa dhamana ya fremu kwa mnunuzi wa kwanza kwa muda wote atakaoimiliki, na Canyon hutoa miaka 6. Pili, dhamana haifidii kutu wala uchakavu. Tatu, fremu mpya ikikubaliwa, muulize muuzaji kwa maandishi ni nani atakayelipia usafiri na ushuru wa kuingia nchini. Dhamana ya duka la Nairobi lenye risiti ni nyepesi kuidai kuliko ya ng'ambo, na mimi niko tayari kulipa zaidi kidogo kwa ajili yake.

Niagize mwenyewe au ninunue Nairobi?

Linganisha bei mbili zilizokamilika. Bei ya kuagiza huanzia kwenye bei ya baiskeli, usafiri na bima kwa pamoja. Jumla hiyo ndiyo inayotozwa ushuru wa forodha, halafu VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya jumla iliyokwisha kuongezewa ushuru, na kuna ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli. Mtu anayezidisha bei ya mtandaoni kwa thamani ya dola na kuishia hapo hushtuka mzigo ukifika. Kuna jambo moja la kukufaa: bei inayoonyeshwa Ulaya huwa imejumlisha VAT ya huko, ambayo Ujerumani ni asilimia 19, na muuzaji anaweza kuiondoa ikiwa bidhaa inatoka nje ya Umoja wa Ulaya. Muulize kabla ya kulipa.

Usiagize vishikio vya kaboni kwa bei ya kutupa kutoka kwa wauzaji wasiojulikana. Kishikio kikikatika, meno ndiyo yanayolipa.

Wageni wanaoondoka Malindi huuza baiskeli zao kwa bei nzuri. Ninunue?

Hii ndiyo njia yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Waitaliano na wageni wengine walioishi hapa kwa miaka wameleta baiskeli za hali ya juu, na wakiondoka wengi hawataki taabu ya kuzisafirisha. Ukijua kuangalia utapata kwa dola 1,000 kitu kilichonunuliwa kwa dola 4,000. Usipojua, utauziwa mbuzi kwenye gunia.

Nenda mchana. Shika kiti, inua nyuma taratibu na usikilize: ukihisi mlio au mchezo kabla ya rimu kunyanyuka, beringi za viungo zimekwisha. Pitisha ukucha juu ya nguzo za foki na ya shoki. Mkwaruzo unaonasa ukucha utakata mpira wa kuzuia mafuta, na kubadilisha nguzo hugharimu karibu sawa na foki nyingine. Toa bomba la kiti mbele ya muuzaji, na likikataa kutoka, ondoka. Geuza baiskeli na uangalie kwa tochi mahali bomba la chini linapokutana na pedeli, na chini ya kiti, kwa ufa wa nywele. Omba risiti ya kwanza au uthibitisho wa namba ya fremu. Kisha uliza mara ya mwisho foki ilipofunguliwa. RockShox hutaka mafuta ya miguu ya foki yabadilishwe kila baada ya saa 50 za kuendesha, na baiskeli iliyolala gereji karibu na bahari miaka mitatu bila kufunguliwa ihesabie huduma kamili ya foki na shoki katika bei.

Na tairi?

Tairi zisizo na tyubu, zenye maji ya kuziba ndani, ni pesa iliyotumika vizuri kuliko karibu kila kitu nilichokitaja hapo juu, kwa sababu ya miiba ya migunga. Katika joto letu maji hayo hukauka upesi, kwa hiyo ongeza kila baada ya miezi miwili, na usiiache baiskeli juani.

Nikishanunua, niagize nini pamoja nayo katika mzigo uleule?

Agiza masikio mawili ya kihamisha gia, yale hasa ya fremu yako. Kama fremu ina sikio la aina ya UDH, lililoanza mwaka 2019 na sasa kutumiwa na kampuni nyingi, bahati ni yako, kwa kuwa moja linaingia kwenye fremu za majina tofauti. Ongeza seti moja kamili ya beringi za viungo kama kuna shoki ya nyuma, pedi za breki jozi mbili, minyororo miwili, kipimo cha kuchakaa kwa mnyororo ili uubadilishe ukifika asilimia 0.5 kabla haujala kaseti, mipira ya kuzuia mafuta ya foki pamoja na mafuta yake, na chupa ya maji ya kuziba tairi. Vyote hivyo pamoja ni uzito wa kilo chache ndani ya kasha ambalo tayari umelipia usafiri wake, na sikio moja la alumini lisilotimiza gramu 30 limewahi kuilaza baiskeli ya mtu hapa Malindi wiki saba.